Msitu wa Mvua Katika Nchi ya Baridi: Nani Alipe?

Mtu aliyezaliwa karibu na misitu ya Udzungwa au Usambara haoni ajabu kukuta chura, kinyonga na mbega katika bonde moja. Joto, mvua na mwanga wa jua ni vitu anavyopewa bure na maumbile. Katika miji ya nchi za baridi vitu hivyo hununuliwa, na mara nyingi mnunuzi ni mwananchi wa kawaida kwa njia ya kodi yake. Bustani ya wanyama inapotaka kujenga onyesho jipya la viumbe wa nchi za joto, aghalabu hulazimika kwanza kuwashawishi madiwani au wapiga kura kwamba jambo hilo linastahili fedha za umma. Makala hii inaeleza fedha hizo hutumika kwa nini, huombwa kwa njia gani, na ni swali gani linalompasa mlipa kodi kuuliza kabla ya kukubali.

Gharama ya joto

Msitu wa mvua ukihamishiwa ndani ya jengo, jambo la kwanza linalotakiwa ni joto la kudumu. Tuseme jengo lenye kuba la kioo linatakiwa kuwa na joto la nyuzi 25 za Sentigredi, na nje ni nyuzi 5, kama ilivyo kawaida katika mji wa Seattle, Marekani, mwezi wa Januari. Tofauti ni nyuzi 20. Kioo cha tabaka moja hupitisha takriban wati 6 za joto katika kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kwa hiyo kila mita mraba hupoteza wati 120, na kuba lenye eneo la mita mraba 1,000 hupoteza kilowati 120. Hiyo ni sawa na kuwasha pasi 120 za umeme za wati 1,000 kila moja, usiku na mchana, bila kuzima. Vioo vikiwekwa tabaka mbili zenye hewa katikati, upotevu hupungua kwa karibu nusu, lakini bei ya kuba hupanda. Huu ndio uamuzi wa kwanza wa mhandisi: kulipa zaidi wakati wa kujenga, au kulipa zaidi kila mwaka.

Jambo la pili ni maji. Hewa ya msituni imejaa mvuke. Mvuke huo ukigusa kioo baridi hugeuka matone, nayo hutiririka na kuozesha mbao na kutia chuma kutu. Jambo la tatu ni mwanga. Seattle iko latitudo ya nyuzi 47 kaskazini, na katikati ya Desemba mchana wake hudumu kwa saa 8 na nusu tu, hali mimea ya Ikweta imezoea saa 12 mwaka mzima. Taa hazina budi kujaza pengo hilo. Jambo la nne ni wadudu waharibifu. Dawa ya sumu haiwezi kupuliziwa mahali penye ndege na vyura, hivyo watunzaji huleta wadudu wengine wanaowala wale waharibifu.

Ombi mbele ya wapiga kura

Bustani ya wanyama ya Woodland Park mjini Seattle ni mfano mzuri wa jinsi fedha za umma zinavyoombwa. Mwaka 1976 ulitayarishwa mpango mpya wa bustani hiyo, uliopendekeza wanyama wapangwe kwa kufuata tabianchi ya makwao, si kwa kufuata ukoo wao. Mwaka 1979 lilifunguliwa onyesho la gorila lililofuata fikra hiyo. Badala ya chumba cha vyuma na sakafu ya saruji, gorila walipewa miti, nyasi, miamba na kijito, na mtazamaji akafanywa ajione kuwa yeye ndiye mgeni katika makao ya mnyama.

Onyesho hilo lilisifiwa mahali pengi, lakini sifa hazijengi kuba. Mwaka 1985 wapiga kura wa wilaya ya King, ambamo Seattle imo, waliulizwa kama wanakubali kutolewa kwa hatifungani za dola milioni 31.5 kwa ajili ya bustani hiyo, nao wakakubali. Katika miaka iliyofuata yalifunguliwa maonyesho kadhaa, miongoni mwao la tembo mwaka 1989 na la msitu wa mvua wa kitropiki mwaka 1992.

Hatifungani ni ahadi ya maandishi: serikali ya mahali hukopa fedha leo kutoka kwa wanunuzi wa hati, kisha huwalipa kidogo kidogo pamoja na riba kwa kutumia kodi ya ardhi na majengo. Kwa kuwa deni hilo huwabana hata wale waliopiga kura ya hapana, sheria za jimbo la Washington hazitosheki na wingi wa kawaida. Angalau asilimia 60 ya kura zilizopigwa lazima ziunge mkono.

Mfano wa kubuni utasaidia kuonyesha hesabu yake. Wilaya yenye nyumba 400,000 inakopa dola milioni 20 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, na kulipa kiasi kilekile kila mwaka kwa miaka 20. Malipo ya kila mwaka yatakuwa karibu dola milioni 1.6, yaani takriban dola 4 kwa kila nyumba. Dola 4 huonekana ndogo, na hapo ndipo penye nguvu ya ombi. Lakini jumla itakayolipwa ni dola milioni 32, si 20.

Hesabu iliyofichika

Kuna hesabu ya pili ambayo mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini. Ikiwa jengo hilo la mfano litahitaji dola milioni 1.5 kila mwaka kwa joto, chakula, waganga na watunzaji, basi katika miaka 40 litakuwa limekula dola milioni 60, mara tatu ya gharama ya kulijenga. Mwombaji anayetaja bei ya kujenga peke yake hajasema uongo, ila amesema theluthi moja tu ya jambo, au chini yake.

Zaidi ya hayo, elimu kuhusu wanyama hubadilika kabla ya saruji kuchakaa. Onyesho la tembo la Seattle lilisifiwa lilipofunguliwa mwaka 1989. Baada ya miaka kadhaa ilidhihirika kwamba tembo wanahitaji nafasi kubwa zaidi na kundi kubwa zaidi, na mabishano makali yakazuka mjini. Mwaka 2014 alikufa tembo wa Kiafrika aliyeitwa Watoto, na mwaka 2015 wawili waliobaki wakahamishiwa bustani nyingine. Jengo la umma linaweza, basi, kupitwa na wakati katika kizazi kimoja.

Hesabu ya tatu: faida ya kule wanyama walikotoka

Je, kuna hoja gani ya kutosha kuhalalisha gharama zote hizi? Burudani haitoshi, kwani picha za sinema huonyesha wanyama kwa bei ndogo zaidi. Hoja yenye uzito ni kwamba onyesho lirudishe kitu kwenye misitu yenyewe.

Bustani ya Bronx mjini New York ilijaribu njia ya wazi. Mwaka 1999 ilifungua onyesho la msitu wa Kongo lililogharimu dola milioni 43. Watazamaji walitozwa kiingilio cha ziada, na mwishoni mwa ziara kila mmoja alichagua mwenyewe mradi wa hifadhi utakaopewa fedha yake. Kwa njia hiyo zaidi ya dola milioni 10 zilipatikana kwa kazi ya hifadhi katika Afrika ya Kati.

Faida ya pili haionekani na watazamaji, nayo yaihusu Tanzania moja kwa moja. Mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo, asiyefikia sentimita 3, katika eneo dogo sana lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi. Chura huyu hatagi mayai, bali huzaa watoto walio kamili. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, makao yake yalianza kukauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Wengi walikufa mpaka watunzaji wa Bronx na Toledo walipojifunza kuwapa mwanga wa urujuanimno, maji yaliyochujwa na ukungu wa kutosha, katika masanduku madogo ya kioo. Kule Kihansi mifumo ya kunyunyizia maji iliwekwa, lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaonekana. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura huyo ametoweka katika mazingira yake ya asili. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena katika rasharasha za Kihansi.

Ni muhimu kutambua kwamba kazi hiyo haikufanywa chini ya kuba kubwa. Ilifanywa katika vyumba vya nyuma, na watu wenye ujuzi na subira. Hata hivyo vyumba vya nyuma haviwezi kudumu bila bustani inayowavuta watu mlangoni na kuwafanya wakubali kulipa.

Swali la mlipa kodi

Ombi lolote la onyesho jipya, basi, lingepaswa kuleta hesabu tatu: ya kujenga, ya kutunza, na ya kurudisha. Hesabu ya kwanza ikiletwa peke yake, umma unaombwa kununua jengo. Zikiletwa mbili, umma unaombwa kununua tamasha. Zikiletwa zote tatu, ndipo umma unapoombwa kusaidia viumbe wenyewe.

Walimu wanaweza kuitumia kanuni hii darasani. Wanafunzi waandae ombi la bustani ndogo ya mimea ya shule au kidimbwi cha samaki, wakitaja gharama ya kuanzisha, gharama ya kutunza kwa miaka 10, na faida itakayorudi kwa mazingira ya kijiji. Kisha darasa lipige kura, na ombi lipite tu likipata asilimia 60.