Samaki aliyetoweka bila kuacha mzoga: funzo la ziwa la nchi tatu

KATIKATI ya Ulaya kuna ziwa ambalo nchi zinazolizunguka hazijawahi kukubaliana mpaka unapita wapi ndani ya maji yake. Wajerumani huliita Bodensee, na katika ramani nyingi limeandikwa Constance. Ujerumani iko kaskazini, Uswisi kusini, Austria mashariki. Uswisi inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa. Austria inaona kwamba sehemu ile kubwa yenye kina ni mali ya wote kwa pamoja. Suala hilo halijawahi kufungwa kwa mkataba, na maisha yanaendelea.

Mfanyabiashara wa Mwanza, Kisumu au Jinja ataliona ni ziwa dogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 536 tu, na Ziwa Victoria linalizidi zaidi ya mara mia moja. Lakini kwa kina, Constance linafika mita 251, zaidi ya mara tatu ya pale Victoria linapozama zaidi. Kina hicho ndicho kilichozaa utajiri wake wa samaki, na humohumo chini ndimo utajiri huo ulianza kupotea.

Samaki wa biashara wa ziwa hilo huitwa Felchen. Ni mweupe wa fedha, nyama yake laini, na kwa vizazi vingi ndiye aliyeweka chakula mezani kwa wavuvi wa nchi zote tatu. Wavuvi hawakumwona kuwa samaki mmoja. Walimtambua kwa namna nne, na wanasayansi wakakubaliana nao kwamba ni spishi nne tofauti.

Mmoja aliishi katika maji ya wazi, akichuja vijidudu vidogo kwa matamvua yaliyojaa vijiti vyembamba kama chekecho. Mwingine alitaga mayai ufukweni penye mchanga. Wa tatu, mdogo wa umbo na mwenye macho makubwa, alikuwa na maeneo yake ya kutagia. Wa nne aliishi kwenye kina kirefu, akila wadudu wa matopeni. Huyu aliitwa Kilch. Alipovutwa juu haraka na nyavu, hewa iliyokuwa ndani ya mwili wake ilitanuka na kumvimbisha, akaonekana kama mtu mwenye rovu. Jina lake la kisayansi, Coregonus gutturosus, limetokana na uvimbe huo.

Ndugu wa damu moja

Vinasaba vinaonyesha kwamba samaki hao wanne ni ndugu wa karibu sana. Wakati wa enzi ya barafu, bonde la Constance lilifunikwa na barafu nene. Barafu ilipoyeyuka, miaka isiyozidi 15,000 iliyopita, samaki waliingia kwa njia ya mito na kukuta maji mapya yasiyo na mwenyewe. Uzao wao uligawana ziwa: wengine wakashika juu, wengine chini, wengine ufukweni. Kila kundi likawa na majira yake na kina chake cha kutaga mayai, na kwa kuwa halikuzaliana sana na mengine, taratibu likawa aina yake.

Hadithi hiyo ilijirudia katika maziwa mengi ya milima ya Alps. Kila ziwa lenye kina lilijitengenezea Felchen wake, ambao hawapatikani kwingine. Mtu anayepoteza aina moja huko hawezi kwenda kuichukua ziwa jirani, kwa sababu jirani hakuwahi kuwa nayo.

Lakini ukuta uliotenganisha ndugu hao ulikuwa mwembamba. Damu yao ingeweza kuchanganyika bado. Kilichowaweka mbali ni mahali na wakati wa kutaga tu, na mambo hayo mawili yalitegemea maji kubaki kama yalivyokuwa.

Sabuni, mbolea na maji taka

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, miji iliyozunguka ziwa ilikua haraka. Maji taka, mbolea za mashambani na sabuni za unga zilizokuwa na fosfeti vilitiririka ziwani kutoka nchi zote. Kufikia mwaka 1979, kiasi cha fosforasi ndani ya maji kilikuwa kimepanda zaidi ya mara kumi ya kiwango cha asili.

Fosforasi ni chakula cha mimea. Mwani ulistawi, ukafa, ukazama, na ukaoza chini. Kuoza huko kulikula oksijeni ya vilindini. Mayai ya samaki yaliyolala juu ya matope yakakosa pumzi. Kilch, aliyeishi na kutaga huko chini, ndiye aliyebanwa kuliko wote.

Wavuvi hawakuliona balaa hilo upesi. Ziwa lenye mbolea nyingi lina vijidudu vingi, na samaki wa juu walinenepa. Nyavu zilitoka zimejaa, soko likafurahi. Wakati mizani ikionyesha faida, aina moja ya samaki ilikuwa inafutika. Tangu miaka ya 1970 Kilch hajaonekana tena.

Hakukuwa na siku ambayo samaki waliokufa walitapakaa ufukweni. Vifaranga wengi walikufa wakiwa bado ndani ya mayai, na samaki waliobaki walisogea juu kutafuta hewa, wakajikuta wanataga pamoja na binamu zao. Watoto waliozaliwa walikuwa chotara, na chotara nao wakazaliana na wengine, hadi Kilch kamili akawa hayupo.

Ushahidi ulitoka kwenye magamba. Kabla ya ziwa kuchafuka, watafiti wa samaki walikuwa wamekusanya magamba ya Felchen na kuyahifadhi yakiwa makavu. Mwaka 2022 kundi la watafiti likiongozwa na David Frei lilitangaza matokeo ya kusoma vinasaba vya magamba hayo na kuvilinganisha na vya samaki wa leo. Iligundulika kwamba vipande vya vinasaba vya Kilch bado vimo ndani ya ndugu zake watatu waliosalia. Urithi wake haukupotea wote, ila umesambaa katika miili ya wengine, na hakuna njia ya kuukusanya ili kumpata tena samaki yule.

Constance halikuwa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Pascal Vonlanthen na wenzake uliangalia maziwa 17 ya eneo la Alps, ukakuta idadi ya spishi za Felchen imepungua kwa asilimia 38. Hasara ilifuata uchafuzi: palipokosa oksijeni chini, tofauti kati ya ndugu zilifutika. Maziwa ya Thun na Brienz nchini Uswisi, ambayo hayakuchafuka sana, yalibaki na samaki wao. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza spishi nne mpya za Felchen kutoka maziwa hayo mawili, mmoja wao akiwa mkazi wa vilindini.

Walichokiona Mwanza

Mmoja wa waandishi wa utafiti ule wa 2012 ni Ole Seehausen, ambaye wavuvi wa Ghuba ya Mwanza wangemkumbuka kwa jambo jingine. Kabla ya kufanya kazi Uswisi, alikuwa akipiga mbizi kwenye miamba ya Ziwa Victoria akichunguza furu, samaki wadogo wa rangi nyingi ambao Kenya huitwa fulu na Uganda nkejje.

Furu nao ni ndugu waliotengana karibuni, takriban spishi 500 zilizotokea katika muda uleule wa miaka kama 15,000. Jike wa furu huchagua dume kwa rangi. Spishi moja, ambayo dume lake lina wekundu mgongoni, ilipewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei. Ndugu yake wa karibu ana dume wa bluu. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yalipotiwa tope na mwani, mwanga ukawa hafifu, na majike hawakuweza tena kutofautisha rangi. Aina zikaanza kuchanganyika.

Kwa hiyo furu hawakuliwa na sangara pekee. Inakadiriwa kwamba spishi karibu 200 zilitoweka, na maji machafu yalichangia kwa njia ambayo haionekani kwenye nyavu.

Biashara ya vifaranga nayo ina sehemu yake. Sato anayeuzwa leo kila mwalo si mwenyeji wa Victoria. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Ngege, aliyekuwa samaki wa heshima wa ziwa hilo, alisukumwa pembeni, na vinasaba vimeonyesha kwamba samaki wa jamii ya sato wenyeji na wageni wamezaliana. Ndoo ya vifaranga inayovushwa mpaka inaweza kubeba mabadiliko yasiyorudishika, hata kama karatasi zote za forodha ziko sawa.

Usafi una bei yake

Nchi za Constance zilichukua hatua kabla hazijamaliza ubishi wa mpaka. Mkataba wa uvuvi wa pamoja ulitiwa saini katika mji wa Bregenz tangu 1893. Mwaka 1959 zikaunda tume ya kulinda maji ya ziwa. Mitambo ya kusafisha maji taka ikajengwa pande zote, na mwaka 1986 Uswisi ikapiga marufuku fosfeti katika sabuni za kufulia. Leo maji hayo ni safi, na zaidi ya watu milioni nne wanayanywa.

Hata hivyo, wavuvi hawakucheka. Maji safi yana chakula kidogo, na Felchen hukua polepole. Kuanzia miaka ya 2010, samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni alifurika katikati ya ziwa, akala mayai na vifaranga vya Felchen. Vinasaba vimefuatilia asili yake hadi upande wa Bahari ya Baltic, maana yake alifikishwa pale na binadamu. Mwaka 2016 aligunduliwa kombe mdogo kutoka eneo la Bahari Nyeusi, ambaye huchuja vijidudu vilevile vinavyoliwa na Felchen. Kuanzia Januari 2024 nchi zote zilisimamisha uvuvi wa Felchen kwa miaka mitatu, na mikahawa ya ufukweni ikaagiza samaki kutoka maziwa mengine.

Ziwa Victoria lina chombo chake pia. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, liliundwa kwa mkataba wa Kenya, Tanzania na Uganda wa mwaka 1994. Constance linaonyesha kwamba makubaliano ya namna hiyo yanaweza kusafisha maji ndani ya kizazi kimoja. Linaonyesha pia kwamba tani za mavuno hazitoshi kupima afya ya ziwa, kwa kuwa miaka Kilch alipokuwa akitoweka wavuvi wenzake walikuwa wanauza vizuri.

Samaki watatu waliosalia wanaweza kuongezeka tena wakipewa nafasi. Wa nne hatarudi, hata maji ya vilindini alikokuwa akiishi yakiwa sasa yana oksijeni ya kumtosha.