Makobola kwenye Google: kinachoonekana na kinachopaswa kufichwa

Anayeandika neno Makobola kwenye injini ya utafutaji mara nyingi hukutana kwanza na mauaji. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 inasema kwamba kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 zaidi ya watu 800 waliuawa katika vijiji vya Makobola II, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, wilayani Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Habari za kwanza za Januari 1999 zilitaja kama watu 500. Hesabu zote mbili zingali mtandaoni, mara nyingi bila maelezo ya kwa nini zinapishana. Uvuvi, masoko, shule na makanisa ya hapo havionekani kwa urahisi namna hiyo.

Hali hiyo inatokana na jinsi injini hizi zinavyofanya kazi. Kwanza programu ya injini hupita kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo. Kisha maandishi yaliyopatikana huingizwa kwenye faharasa kubwa. Mtu anapouliza, kurasa hupangwa kwa kuangalia zinavyolingana na swali, na pia ni tovuti gani nyingine zimeziwekea viungo. Google ilianzishwa Septemba 1998, miezi michache kabla ya mauaji ya Makobola. Ripoti na habari za tukio hilo zimekuwa zikikusanya viungo karibu muda wote ambao injini hiyo imekuwepo. Ukurasa mpya wa wanakijiji unaanza bila kiungo hata kimoja.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya watu wa Fizi, wa nyumbani na wa ughaibuni, hupita katika makundi ya WhatsApp. Tangazo la msiba, bei ya samaki na hali ya barabara ya kutoka mji wa Uvira hadi mji wa Baraka husambaa humo kwa dakika chache. Injini ya utafutaji haiingii katika makundi hayo, wala haiingii katika makundi yaliyofungwa ya Facebook. Kwa hiyo yanayosemwa na wenyeji hayaingii kwenye faharasa, ila yaliyoandikwa na mashirika na wanahabari ndiyo yanayoingia.

Kazi ya kwanza kwa jamii inayotaka kupatikana ni kuandika majina kikamilifu. Ziko Makobola mbili, Makobola I upande wa Uvira na Makobola II upande wa Fizi, na wapo wanaoandika "Makobola 2". Jina la Baraka lina ushindani mkubwa zaidi, kwa kuwa ni neno la kila siku, ni jina la watu wengi, na pia ni jina la filamu ya Marekani ya mwaka 1992. Fizi nayo huchanganywa na fizi za meno. Kichwa cha ukurasa kinachosema "Soko la Baraka, Fizi, Kivu Kusini" huondoa utata ambao kichwa cha "Soko letu" hakiwezi kuuondoa.

Lugha inahitaji uangalifu huohuo. Mwenyeji wa ufuko wa ziwa Tanganyika upande wa Kongo hutafuta ndagala na mikeke, ilhali wa Kigoma hutafuta dagaa na migebuka, na samaki ni walewale. Afisa wa serikali huandika Sud-Kivu. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha akakulia Marekani, huenda akaandika South Kivu. Njia nzuri ni kuipa kila lugha ukurasa na anwani yake, na kuonyesha katika msimbo kwamba kurasa hizo ni matoleo ya lugha tofauti, ili injini imwonyeshe msomaji toleo linalomfaa. Kurundika maneno ya lugha zote chini ya ukurasa mmoja ni hila ya zamani, na injini huiadhibu kwa kuushusha ukurasa.

Viungo hupatikana kwa kutoa kitu ambacho wengine watakihitaji. Ukurasa unaoeleza hesabu ya 500 ilitoka wapi na ya 800 ilitoka wapi unaweza kutajwa na wanafunzi, wanahabari na watafiti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, na ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka uliofuata, zinapokea michango ya yeyote, mradi habari ziwe na ushahidi. Pamoja na hayo, ukurasa uwe mwepesi. Google huupima kwanza jinsi unavyoonekana kwenye simu, na picha nzito humaliza mega za msomaji kabla hajafika mwisho.

Upande wa pili wa kazi ni kuficha. Orodha ya walionusurika, namba za simu, majina ya mashahidi na picha zinazobeba alama za mahali zilipopigwa zinaweza kumhatarisha mtu katika eneo lenye makundi yenye silaha. Wengi huamini kwamba faili ya robots.txt, inayoziambia injini zisiingie kurasa fulani, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, inatosha. Faili hiyo ni ombi tu, na programu yenye nia mbaya hulipuuza. Tena, anwani iliyozuiwa kwa njia hiyo inaweza bado kuonekana kwenye matokeo ikiwa tovuti nyingine imeiwekea kiungo. Alama ya noindex ndiyo inayouondoa ukurasa kwenye matokeo, lakini hufanya kazi pale tu injini inaporuhusiwa kuufungua ukurasa na kuisoma alama hiyo. Anayetumia njia zote mbili kwa pamoja huizuia dawa yake mwenyewe. Habari ya siri kweli huwekwa nyuma ya nywila, au haipandishwi mtandaoni kabisa. Kongo nayo ina sheria ya masuala ya kidijitali ya Machi 2023, ambayo inagusa pia ulinzi wa taarifa binafsi.

Baada ya hapo hubaki matunzo. Search Console, chombo cha bure cha Google, huonyesha maneno yaliyowaleta wasomaji na kurasa zilizokataliwa. Ukurasa ukihamishwa, anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya, la sivyo viungo vyake hupotea. Ada ya jina la tovuti hulipwa kwa muda maalumu, na jina lisipolipiwa huweza kununuliwa na mtu mwingine pamoja na sifa yake yote. Ndiyo maana nywila na tarehe ya malipo vinapaswa kujulikana na watu wawili au watatu, ikiwezekana mmoja wao akiwa Baraka na mwingine ughaibuni.