Fahamu: Imani inawasaidiaje wazazi Waislamu wenye watoto wenye ulemavu?

Mtoto akizaliwa na mtindio wa ubongo, mitaa mingi ya pwani, Unguja hadi Mombasa, huanza kuuliza: ni jini, ni hasadi, au mama alikosea nini? Lawama hiyo huchosha kuliko hata kumbeba mtoto.

Hapo ndipo mafundisho ya dini humshika mkono mzazi. Kwa Uislamu, mtoto ni amana, na mtihani si adhabu. Wala mtoto huyo hana dhambi; na akiwa hana akili timamu, hahesabiwi makosa, na sala na saumu hazimlazimu. Sura ya 80 ya Kurani, Abasa, ilishuka kwa sababu ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, ikimuonya Mtume kwa kumpa kisogo. Baadaye kipofu huyo alikuwa muadhini Madina, na Mtume alipokuwa safarini aliwahi kumwachia mji. Mzazi aliyeisikia habari hii hana sababu ya kumficha mwanawe chumbani.

Lakini subira hutumiwa vibaya. Mama huambiwa "subiri tu, mwanangu", huku baba ameshaondoka na kliniki ya mazoezi ya viungo haijafikiwa. Kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani) na dua havimzuii mtu kwenda hospitali. Mtume mwenyewe alihimiza kutafuta tiba. Na zaka inaweza kumfikia mzazi fukara anayehitaji nauli. Misikiti isiyo na njia ya kiti cha magurudumu, je? Hilo na walijibu maimamu.