Kupima Ugumu wa Ratiba katika Fantasi ya Besiboli

Ugumu wa ratiba ni suala la ligi za ana kwa ana, zile ambazo kila wiki timu moja hupangiwa timu nyingine moja, na wiki ikiisha moja huandikiwa ushindi na nyingine kipigo. Fantasi ya besiboli haikuanza hivyo. Daniel Okrent na wenzake walipoibuni nchini Marekani mwaka 1980, wakaipa jina la mkahawa wa New York walikokuwa wakikutana, La Rotisserie Française, timu zote zilishindanishwa kwa takwimu za msimu mzima. Hakukuwa na mpinzani wa wiki, kwa hiyo hakukuwa na ratiba ya kulalamikia. Mfumo wa ana kwa ana uliongeza msisimko, lakini uliingiza bahati ambayo msimamo wa ligi hauionyeshi.

Bahati hiyo ni kubwa kuliko ile ya mchezo halisi. Uwanjani, timu yenye mrushaji hodari humnyima mpinzani alama, kwa hiyo idadi ya alama ilizoruhusu ni sehemu ya ubora wake. Katika fantasi hakuna kuzuia. Meneja huchagua wachezaji, hupanga kikosi, kisha hana la kufanya kuhusu pointi zitakazovunwa na mwenzake. Ni kweli kwamba siku nyingine mrushaji wake atakutana na wapigaji wa mpinzani huyo huyo, ila athari yake kwa wiki nzima ni ndogo. Kwa hiyo pointi za kufungwa katika fantasi hazipimi udhaifu wa timu. Zinapima ratiba yake. Wanaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya England katika ligi za ana kwa ana, nao ni wengi Nairobi na Dar es Salaam, wanakutana na jambo hilo hilo.

Kipimo cha kwanza hutoka hapo moja kwa moja: wastani wa pointi za kufungwa kwa wiki, ukilinganishwa na wastani wa ligi nzima. Timu iliyofungwa pointi 370 kwa wiki katika ligi yenye wastani wa 345 imepita njia ngumu. Kipimo hiki ni chepesi na kinafaa kwa kuanzia, lakini hakijui mambo yalitokea lini. Kufungwa pointi 500 katika wiki ambayo timu ingeshindwa hata kwa 300 hakugharimu chochote cha ziada, ilhali wastani unapanda.

Kipimo kilicho bora zaidi ni kuichezesha kila timu na timu zote kila wiki, kwa hesabu tu. Tuseme ligi ina timu 12. Katika wiki fulani, timu ya kwanza imepata pointi 410, ya pili kwa ukubwa katika ligi, lakini imepangiwa timu pekee iliyoizidi, yenye 425. Msimamo unaandika kipigo. Kwa hesabu ya wote kwa wote, timu hiyo ina ushindi 10 na kipigo 1. Wiki hiyo hiyo, timu nyingine imepata pointi 290, ya 11 kati ya 12, ikakutana na ile ya mwisho yenye 275. Msimamo unaandika ushindi. Hesabu inaonyesha ushindi 1 na vipigo 10.

Baada ya wiki 20, kila timu huwa na michezo 220 ya namna hii. Ikiwa timu ya kwanza imeshinda 132, hiyo ni asilimia 60, na kwa ratiba ya wastani ilistahili ushindi 12 katika wiki 20. Kama msimamo unaonyesha ushindi 8, ratiba imeinyang'anya 4. Timu ya pili yenye ushindi 99 kati ya 220, yaani asilimia 45, ilistahili 9. Ikiwa inao 12, imezawadiwa 3. Kwenye msimamo timu dhaifu inaongoza kwa ushindi 4, na meneja anayetazama jedwali hilo peke yake anaweza kuvunja kikosi ambacho hakina tatizo lolote.

Anayetaka kulinganisha timu mbili mahususi huzibadilishia ratiba zao: pointi za timu A za kila wiki huwekwa dhidi ya wapinzani wa timu B, na kinyume chake. Wiki ambazo timu hizo zilikutana zenyewe huachwa kama zilivyo, la sivyo timu itajikuta inacheza dhidi yake yenyewe.

Kukadiria ratiba iliyobaki ni kazi tofauti, na hapa ndipo wengi hukosea. Huhesabu ushindi na vipigo vya wapinzani wajao, takwimu ambayo tayari imechafuliwa na bahati ile ile inayotafutwa. Tena, timu iliyowafunga wapinzani wake wote imewapunguzia rekodi kwa mikono yake, kwa hiyo wanaonekana dhaifu kuliko walivyo. Wastani wa pointi walizopata, hasa za wiki za karibuni, husema kweli zaidi. Hata hivyo, pointi za timu moja hupanda na kushuka sana wiki hadi wiki, mara nyingi kwa kiasi kikubwa kuliko tofauti ya wastani kati ya timu nzuri na ya kawaida, hivyo ratiba ya wiki tatu zijazo haistahili kumtoa mtu usingizini. Kinachostahili kuangaliwa ni mameneja waliokata tamaa. Ifikapo Agosti, wengine huacha kupanga vikosi huku macho yao yakiwa kwenye futiboli ya Kimarekani inayoanza Septemba, na warushaji walioumia hubaki kikosini. Kukutana na timu ya namna hiyo mwezi Mei na kukutana nayo mwishoni mwa Agosti ni mambo mawili tofauti kabisa.

Chini ya ratiba ya fantasi kuna ratiba ya MLB yenyewe, ligi kuu ya besiboli ya Amerika Kaskazini, yenye michezo 162 kwa kila timu. Tangu 2023 timu hucheza mara 13 na kila mwenzake wa kundi, badala ya 19 za awali, na kila timu hukutana na nyingine zote 29, kwa hiyo tofauti za msimu mzima zimepungua. Za wiki zipo bado. Mpigaji ambaye timu yake ina michezo 7 ana nafasi kubwa kuliko wa michezo 5, na mrushaji atakayeanza mara mbili katika wiki hutafutwa na kila mtu. Uwanja nao una neno: Coors Field wa Denver uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali, neema kwa wapigaji na mateso kwa warushaji.

Ligi zinazotaka kupunguza nguvu ya ratiba zina njia mbili zilizozoeleka. Moja ni kumpa kila meneja mchezo wa pili wa wiki dhidi ya pointi za katikati ya ligi, ili nusu ya juu ipate ushindi hata kama mpinzani aliyepangwa alikuwa moto. Nyingine ni kutenga nafasi ya mwisho ya hatua ya mtoano kwa timu yenye jumla kubwa ya pointi kati ya zilizobaki nje, bila kujali idadi ya ushindi wake. Zote mbili hukubaliwa kabla ya msimu kuanza.