Amri Moja kwa Picha za Harusi Nzima

Harusi yenye wapiga picha wawili huwa na tatizo lisilojitokeza mpaka picha ziingie kwenye kompyuta. Mmoja alikuwa kwa bibi harusi, mwingine kanisani, kisha wakakutana ukumbini. Ukizipanga picha zote kwa muda, maharusi wanalishana keki kabla hawajashuka garini. Kamera hazina kasoro yoyote. Saa zake ndizo hazikulingana, tuseme moja ilitangulia kwa dakika 12.

Kila picha ya dijitali hubeba maelezo ndani yake: saa iliyopigwa, aina ya kamera, kasi ya shata, na kwa simu nyingi hata mahali. Huandikwa kwa utaratibu uitwao Exif, uliotolewa Japani mwaka 1995. Kuyasahihisha kwa kubofya picha moja moja ni kazi ya kukesha. Kazi ya namna hii mimi huipeleka kwenye terminali, yaani lile dirisha la kuandikia kompyuta amri kwa maneno, na kuitumia ExifTool, programu ya bure ambayo Phil Harvey wa Kanada alianza kuitoa mwaka 2003:

exiftool "-AllDates-=0:12" KameraB

Maana yake: chukua KameraB, yaani folda ya kamera iliyotangulia, na tarehe zote za kila picha zirudishwe nyuma saa sifuri na dakika 12. ExifTool huacha nakala ya kila faili kama lilivyokuwa, hivyo ukikosea hesabu hujapoteza kitu. Ili kuijua tofauti yenyewe, waambie wapiga picha wote wawili, kabla kazi haijaanza, wapige picha ya saa ya simu moja. Ni sekunde chache tu, nami nawasihi wote wanaofanya kazi hii wasiziruke.

Si kila programu ina huruma hiyo. ImageMagick, iliyoanzia kwa John Cristy katika kampuni ya DuPont mwaka 1987, inapunguza ukubwa wa picha za folda nzima kwa amri ya mogrify. Lakini mogrify huifuta picha ya awali na kuiweka ndogo mahali pake, bila kuuliza. Fanyia kazi nakala, siku zote. Jihadhari pia na chaguo la -strip, ambalo wengi hulitumia ili faili liwe jepesi: huondoa hata maelezo ya rangi. Picha iliyopigwa kwa mfumo wa rangi wa Adobe RGB ikivuliwa maelezo hayo, ngozi hupauka na kitenge chekundu hupoa, na mteja atakulaumu wewe.

Jambo la mahali nalihesabu kuwa zito kuliko yote. WhatsApp huondoa maelezo ya mahali picha inapotumwa kama picha. Watu wetu wengi, kwa kutaka isipoteze ubora, huituma kama waraka, na hapo maelezo yote husafiri nayo. Picha ya mtoto iliyopigwa sebuleni kwa simu inaweza basi kumwonyesha mpokeaji nyumba ilipo. Amri ya exiftool -gps:all= huyaondoa maelezo ya mahali peke yake, rangi na saa zikabaki.

Kuhusu sura ya picha, kama wekundu wa machweo au ulaini wa kivuli, hapo sitegemei terminali. Jicho lazima lione. Ndiyo maana naipenda G'MIC, iliyozaliwa katika maabara ya GREYC mjini Caen, Ufaransa, mwaka 2008: ni programu-jalizi ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, na pia ni programu ya amri. Unachagua kichujio kwa jicho kwenye picha moja, ukiridhika unakitumia kwa folda nzima. Ila usichanganye picha za ndani ya kanisa na za bustanini. Mwanga wake haufanani, na kila kundi lichaguliwe kichujio chake.