Kunakili Vyeti vya Tuzo Bila Kupotosha Ukweli



Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi hapa Ufipa, mgeni akiingia hukutana kwanza na cheti cha maonyesho kilichotundikwa ukutani. Baadhi ya vyeti hivyo vilipatikana katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ambako wakulima wa Rukwa wamekuwa wakipeleka mazao yao siku za Nane Nane pamoja na wenzao wa Nyanda za Juu Kusini. Jua la dirishani, mchwa, na mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili huviharibu kidogo kidogo. Ndipo viongozi huuliza: je, cheti kikongwe chaweza kunakiliwa? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Desturi ya kutoa vyeti vyenye mapambo mengi ilienea kutokana na maonyesho makubwa ya dunia ya karne ya 19. Mfano mashuhuri ni maonyesho ya Chicago, Marekani, ya mwaka 1893. Cheti cha washindi wake kilichorwa na msanii Will H. Low, kikachongwa kwenye bamba na Charles Schlecht, kisha kikachapwa na idara ile ile ya serikali ya Marekani inayochapa noti za fedha. Nchi zetu pia zilifika katika maonyesho ya namna hiyo: mazao ya Tanganyika na Zanzibar yalionyeshwa Wembley, London, mwaka 1924 na 1925, na Tanzania huru ilishiriki Osaka, Japani, mwaka 1970.

Kwa nini kazi ya cheti ikabidhiwe wachapaji wa noti? Sababu ni namna ya uchapaji wenyewe. Fundi huchonga mistari myembamba katika bamba la madini kwa chombo chenye ncha kali. Wino hupakwa, kisha uso wa bamba hufutwa hata wino ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi hugandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi, nayo huuvuta wino kutoka mferejini. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya noti mpya huhisi wino umeinuka. Kivuli katika picha ya namna hii hakitokani na wino hafifu, bali na mistari iliyosongamana. Palipo na mwanga, mistari huachana.

Hapo ndipo ugumu wa kunakili unapoanza. Mashine ya kawaida ya ofisini huila mistari myembamba, na ile iliyosongamana huifanya doa jeusi. Mchapaji akitumia njia ya nukta ndogo ndogo, kama ilivyo kwa picha za magazeti, nukta hizo hupambana na mistari ya asili, na karatasi hutoka na mawimbi ambayo hayakuwamo.

Kwa hiyo chama kifuate hatua hizi. Kwanza, cheti kitolewe katika fremu kwa uangalifu. Kama kimeshikana na kioo, kisibanduliwe kwa nguvu, bali kipigwe picha kikiwa hapo hapo. Pili, kilazwe sawasawa, kamera ikielekea katikati yake, taa mbili zilizo sawa zikimulika kutoka kushoto na kulia, wala mmweko wa kamera usitumike. Penye skana, ipimwe kwa nukta 600 au zaidi kwa kila inchi. Tatu, mchapaji aombwe kuchapa mistari kama mistari, kwa ukubwa ule ule wa asili. Nne, neno NAKALA pamoja na tarehe ya kunakiliwa vichapwe mahali panapoonekana. Tano, kazi yote iandikwe katika kumbukumbu za mkutano wa kamati au bodi. Nakala ndiyo itundikwe. Cheti cha asili kifungiwe kabatini, pakavu, mbali na jua.

Sharti la nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika ukaguzi wa chama kimoja ambacho sitakitaja, niliona nakala iliyopendeza mno. Madoa yalikuwa yamesafishwa, na pamoja na madoa, maneno "mshindi wa pili" yalikuwa yamegeuka kuwa "mshindi wa kwanza". Mnunuzi wa maharage alilinganisha na orodha ya waandaaji wa maonyesho, akaugundua uongo. Hakuishia kwenye cheti. Alitilia shaka stakabadhi za mizani na daraja la kila gunia, akaondoka bila kununua. Wanachama ambao hawakujua lolote walirudi nyumbani na maharage yao, hali ushindi wao wa pili ulikuwa wa kweli na ulitosha kuwapatia heshima.

Ndugu viongozi, kuziba tundu la mchwa katika pambo la pembeni ni ukarabati. Kubadili jina, mwaka au daraja ni kughushi, na kughushi ni kosa la jinai. Neno likifutika kabisa, liachwe wazi, kisha waandaaji waombwe barua ya uthibitisho. Cheti chenye pengo, kikiambatana na barua ya kweli, kitaaminiwa na mnunuzi pamoja na mkaguzi. Kila chama kikague vyeti vyake kabla ya mvua kuanza, maana karatasi ikishaoza hakuna mchapaji awezaye kuirudisha.