Kumzoeza Mtoto wa Mbwa Usafi Katika Nyumba za Kindu

Kumzoeza mtoto wa mbwa usafi ni kumfundisha kwenda haja, ndogo na kubwa, mahali pamoja palipochaguliwa na mwenye nyumba badala ya popote haja inapombana. Mjini Kindu, makao makuu ya Jimbo la Maniema, ambako mbwa hufugwa hasa kwa ulinzi na uwindaji na hulala barazani au uani, mafunzo hayo huweza kuonekana kuwa anasa ya wale wanaolaza mbwa ndani. Lakini kwa kuwa ua ndio jiko, ndio uwanja wa watoto, na mara nyingi ndipo mkeka wa sala hutandikwa, mbwa asiyejua mahali pake pa haja huichafua nyumba nzima hata kama hakuvuka kizingiti.

Somo hili halianzi kwa binadamu. Mtoto wa mbwa anapozaliwa hawezi hata kukojoa kwa nguvu zake: mama humlamba chini ya tumbo, ulambaji huo huamsha mkojo na kinyesi, naye mama huvila ili malazi yabaki makavu. Afikapo umri wa wiki 3 hivi huanza kujiendea mwenyewe, akitoka penye malazi kabla ya kujisaidia, na kati ya wiki ya 7 na ya 9 hushikamana na aina ya ardhi aliyoizoea, iwe mchanga, majani au saruji. Silika ya kutochafua pa kulala anayo tayari. Linalobaki kwa mwenye nyumba ni kuipanua, mpaka mnyama ahesabu nyumba yote na ua wote kuwa malazi, isipokuwa pembe moja.

Mbwa wa Kongo ana nafasi yake katika elimu hii. Basenji, jamii ya mbwa wasiobweka iliyotokana na mbwa wa wawindaji wa Bonde la Kongo, na ambayo ilianza kuzalishwa kwa mafanikio nchini Uingereza katika miaka ya 1930, ni mojawapo ya jamii 5 ambazo wanasayansi John Paul Scott na John L. Fuller walizichunguza katika maabara ya Bar Harbor, Marekani, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965. Utafiti wao uliimarisha dhana ya kipindi nyeti, yaani muda mfupi wa utoto, takriban kati ya wiki ya 3 na ya 12, ambamo mnyama huzoea watu na mazingira kwa wepesi usiorudi tena. Basenji, ambaye hujilamba mwili wote na kusifika kwa usafi, anatosha kuonyesha kwamba dai la kuwa mbwa wa kienyeji hafundishiki halina msingi.

Kinachohitajika kwanza ni ratiba. Kibofu, yaani mfuko wa mkojo, cha mtoto wa mbwa ni kidogo, na misuli inayokifunga bado ni dhaifu, hivyo mnyama wa miezi 2 hawezi kustahimili kwa kawaida zaidi ya saa 2 au 3 mchana. Atolewe kila anapoamka, anapomaliza kula, anapomaliza kucheza na kabla ya kulala. Baada ya chakula haja huja mara nyingi ndani ya dakika 5 hadi 30, kwa sababu tumbo linapojaa utumbo mpana nao huanza kusukuma. Ndiyo maana bukari (ugali), wali au mabaki ya samaki hupaswa kutolewa kwa nyakati maalumu, mara 3 au 4 kwa siku, badala ya kuachwa chini kutwa, ingawa maji hayapaswi kukatwa kwa sababu ya joto. Pembe ya haja iwe mbali na kisima na jiko, mahali pasipotuama maji, na ikiwezekana chini ya upenu, kwa kuwa mvua ya Kindu hunyesha sehemu kubwa ya mwaka na mtoto wa mbwa aliyelowa hujibana mpaka arudi ndani.

Mnyama hupelekwa hapo kwa kamba, huachwa anuse bila kuchezewa, na mara tu amalizapo husifiwa na kupewa kipande kidogo cha chakula, maana huunganisha tendo na lile linalofuata papo hapo. Kwa sababu hiyohiyo, kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo wa saa nzima iliyopita hakumfundishi usafi bali kumwogopa bwana wake na kujificha. Kule kuinamisha kichwa ambako watu hukuona kuwa ni kukiri kosa ni woga wa hasira iliyo mbele yake. Akikutwa katikati ya tendo, inatosha kumkatiza kwa sauti na kumpeleka panapostahili.

Mbwa hurudi panaponuka mkojo wake. Sakafu ya udongo ikwanguliwe tabaka lililolowa na kujazwa udongo mkavu, na ya saruji ioshwe kwa sabuni na maji, kisha siki. Javeli, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia, isimwagwe juu ya mkojo mbichi, kwani vikichanganyika hutoa hewa inayochoma mapafu.

Faida kubwa ni afya. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari na toksokara, minyoo mviringo inayopita kutoka kwa mama, ambayo mayai yake kwa kawaida huhitaji wiki 2 hadi 4 udongoni kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, ilhali viluwiluwi vya minyoo ya safura hutokea baada ya siku chache tu na hupenya ngozi ya miguu mitupu. Kinyesi kikiangukia pembe moja huweza kuzolewa na kufukiwa kila siku, kabla hatari haijaiva. Dawa ya minyoo huanza kutolewa mnyama akiwa na wiki 2, na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida akiwa na miezi 3.

Faida nyingine ni ya ibada. Maniema, ambako Uislamu uliingia pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliojenga Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, ina Waislamu wengi, na madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani huhesabu mate na mkojo wa mbwa kuwa najisi nzito, inayooshwa mara 7, moja kwa udongo, huku yakiruhusu mbwa wa uwindaji, mifugo na shamba. Mbwa mwenye mahali pake huwawezesha majirani wa dini zote kuishi bila ugomvi.

Kwa uangalizi usiokatika, mbwa wengi huwa wamezoea kati ya miezi 4 na 6. Familia inayompokea mtoto wa mbwa na iamue kwanza pembe yake, nyakati za chakula chake na nani atamtoa alfajiri, kisha iweke fimbo kando, kwa kuwa mbwa huyu hakosi utii bali hukosa ratiba.